Wa Mwisho Kusalimiwa

Watoto walikuwa wakicheza shule nje ya jiko, na Mwalimu aliwatazama dirishani huku anapuliza chai yake. Kitinda mimba wa fundi saa, yule waliyembandika jina la Kidomo, alikuwa amejipa ualimu. Kajifunga kitambaa kiunoni kama aproni, midomo kaibinua.

"Nyoosheni mstari. Huu mstari au nyoka?"

Mpishi wa shule alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Huyo ni wewe mtupu, dada. Hata hicho kiuno."

"Mwache aniigize," Mwalimu akasema, na roho ikamsuuzika. Darasa lake lilikuwa na watoto wa kila rangi na kila lugha, wa msikitini na wa kanisani, wa wenye nacho na wa makabwela, na kila asubuhi aliwapa mkono mlangoni mmoja mmoja. Hata katika sala zake alimshukuru Mungu kwa kumjalia moyo usiobagua.

Kidomo akaupita mstari. "Umeamkaje, baba? Umeamkaje, mama?" Alipofika kwa binti wa mzoa taka, akampa ncha za vidole, kisha akajifuta kwenye kitambaa, kiganja na mgongo wa mkono. Hakufanya kwa ubaya. Alifanya kama mchezo unavyotaka.

"Umekosea," binti wa mzoa taka akamwambia kwa upole. "Mimi husimama nyuma kabisa. Nikikaa katikati, wenzangu wanangoja Mwalimu ajifute."

"Haya, nenda nyuma. Tuanze upya."

Akaenda.

Mwalimu akainamisha macho kwenye aproni yake. Ubavuni, chini ya mfuko, rangi ilikuwa imepauka kwa kufutiwa. Juzi tu alimwambia mama wa mtoto yule, "Mwanao anapenda kujitenga, mzoezeni watu." Na mama wa watu akaomba radhi.

Mpishi aliokota mwiko wake, akakoroga sufuria isiyotaka kukorogwa.

Jioni Mwalimu alipiga magoti kama kawaida, lakini ile shukrani haikutoka.

Asubuhi akaja bila aproni. Watoto walipojipanga, akaanzia nyuma.

"Umeamkaje, mama?" Akaufumbata ule mkono mdogo kwa mikono yake yote miwili.

Mtoto alimkagua kiunoni, mbele na ubavuni, uso umemjaa wasiwasi. Kisha kwa mkono uliobaki akashika pindo la gauni lake, gauni lililofuliwa hadi likanukia sabuni, akalinyanyua kumpa.

"Leo umesahau aproni, Mwalimu. Jifutie hapa."

"Sina cha kufuta, mwanangu."

Lakini mtoto alikuwa ameshazoea. Akabaki amelishikilia pindo, anangoja, na huko mbele wenzake wakaanza kuuliza mbona mstari hausogei.