Ngazi Moja Chini

Chiriku alikuwa na maringo, na hapakuwa na wa kumlaumu. Mwanamke aliyeimba kwenye harusi za watu, akaja akaimba kwenye harusi za watoto wao, na sauti bado inatakiwa kila Jumamosi, ana haki ya kuringa kidogo. Alichoringia zaidi ni kwamba hajawahi kushushiwa wimbo, yaani kupigiwa kwa sauti ya chini kuliko ya awali ili koo lisipate taabu. Waimbaji wa rika lake walikuwa wanaimba huko chini siku nyingi. Akiwasikia, alitikisa kichwa na kuwageukia wanabendi wake.

"Siku mtakayonishushia wimbo," alisema, "ndiyo siku nitakayowaachia bendi yenu. Nitakaa nyumbani nilee wajukuu."

"Sawa, dada," waliitikia, kisha kila mmoja akapata kitu cha kutazama sakafuni.

Sasa walikuwa studio, wanarekodi albamu. Kuta zilikuwa zimevikwa sponji nene, nyaya zimetambaa kila mahali, na kioo kikubwa kiliwatenga na fundi mitambo, mwanamama wa maneno machache aliyezungumza nao kupitia spika. Wimbo wa kwanza ulikuwa ule uliompa Chiriku jina, wenye mwito mrefu wa juu kabisa kule mwisho. Fundi alishauri waongeze piano, kwa hiyo akakodiwa mpiga piano, kijana mpole aliyejifunza wimbo ule kwa kusikiliza santuri ya zamani.

Kama kawaida, mdogo wake Chiriku, ambaye ndiye mpiga gitaa la solo, alimtoa nje kwanza. "Dada, nenda kanywe maji ya uvuguvugu. Sisi tunaweka nyuzi sawa."

Chiriku aliupenda sana utaratibu huo. Bibi harusi haingii ukumbini huku watu bado wanapanga viti. Aliporudi akasimama mbele ya maikrofoni, akavaa visikizio, akampa fundi ishara.

Piano ikaanza. Magitaa yakaingia. Lo! Piano ilikuwa na yake na magitaa yana yao, kama wake wenza waliokosana.

"Piano mbovu hiyo," Chiriku alisema.

"Imekazwa juzi tu, mama," kijana alijitetea.

Sauti ya fundi ikatoka kwenye spika. "Piano iko sawa. Magitaa ndiyo yako chini. Chini ngazi moja nzima."

Chiriku aliangua kicheko. "Ngazi nzima! Mdogo wangu, ulikuwa umelala? Kaza hizo nyuzi, watu wasituone washamba."

"Tuiache tu piano, dada. Wimbo huu haukuwa na piano."

"Nimesema kaza."

Mdogo mtu akakaza taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa. Uzi mmoja ukakatika, akaubadilisha, huku mpiga besi naye akikaza zake. Mpiga saksafoni, mtu ambaye ulimi wake haukuwahi kuwa na breki, akauliza, "Kwa hiyo mimi nipige kama zamani?" Mpiga besi, aliyeitwa Kimya kwa sababu alikuwa kimya kweli, akamkanyaga mguu. Chiriku aliyasikia maneno yale lakini akayapuuza, maana piano ilikuwa imeshaanza.

Ubeti wa kwanza ulikwenda. Wa pili ukamtoa mishipa ya shingo. Alipofika kwenye mwito wa mwisho, sauti ilikatika na ikatoka hewa tupu. Akasingizia vumbi. Wakarudia, ikakatika palepale. Mara ya tatu hakufika hata hapo. Akavua visikizio.

"Kama zamani vipi?" alimwuliza mpiga saksafoni.

Mpiga saksafoni akamtazama mdogo wake Chiriku, naye mdogo mtu akaliweka gitaa chini.

"Unaikumbuka ile harusi ya uwanjani?" alisema. "Sauti ilikukatikia jukwaani, ukasema ni vumbi. Halafu ukaenda nyuma ya jukwaa ukalia. Ukaniambia ikirudi tena, basi, umeacha kuimba. Wiki iliyofuata nikalegeza nyuzi kidogo tu, nikawaambia wenzangu. Hukujua. Mwaka mwingine tukalegeza tena."

"Mlikuwa mnanitoa nje..."

"Ili usisikie tunavyolegeza."

"Na redio? Kila wakipiga wimbo wangu wa zamani unakimbilia kuizima."

"Ungejilinganisha, dada."

"Mimi sina nyuzi za kulegeza," mpiga saksafoni alidakia, maana siri sasa ilikuwa imetoka na alitaka apate fungu lake. "Nilivuta mdomo wa saksafoni nje mpaka ukakaribia kudondoka. Haikutosha, ikabidi nijifunze nyimbo zote upya, ngazi moja chini."

"Zote?"

"Zote. Nilifanyia mazoezi bafuni. Mke wangu alitaka kunipeleka hospitali."

Hakuna aliyecheka. Chiriku alihisi aibu kwanza, aibu ya kuungua masikio, kisha hasira ikaja mbio nyuma yake. Watu wazima na ndevu zao wamemgeuza mtoto wa kudanganywa kwa pipi! Alifungua mdomo awaambie hivyo. Lakini akawatazama kwanza, mmoja mmoja. Hawa ndio watu walionuniana kwa sababu ya kiti cha mbele kwenye gari. Hawa ndio wasioweza kuficha hata zawadi ya siku ya kuzaliwa. Miaka yote hiyo wamegombana, wamelewa, wametishiana kuvunja bendi, na hakuna hata mmoja aliyeponyokwa na siri hii. Kila jioni walisubiri atoke, wakalegeza kwa masikio tu, kiasi kidogo asichoweza kukitambua, kisha wakamwita aingie aringe. Na yeye akaingia akaringa. Aliwapenda mpaka kifua kikamuuma.

Ndipo Kimya akakohoa. Watu wakageuka, maana Kimya akikohoa ni habari.

"Usidhani ilikuwa huruma kwako peke yako," alisema. "Uzi ukilegea na vidole vinapumzika. Na sisi tumezeeka, dada."

Mpiga ngoma, waliyemwita Nyundo, ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko kikawazunguka wote mpaka Chiriku akalazimika kushika stendi ya maikrofoni.

"Wazee waongo wakubwa," alisema huku akifuta macho. Akamgeukia mpiga piano. "Mwanangu, unaweza kuushusha huu wimbo ngazi moja?"

"Naweza, mama."

"Basi ushushe. Na ninyi legezeni, mimi nipo hapahapa. Kama pale mlipozoea bado panaumiza vidole, semeni tuteremke wote."

Kimya akaelekeza kidole chini, wakateremka wote nusu ngazi nyingine, piano nayo, wakaanza upya. Ubeti wa kwanza, wa pili, kisha mwito wa mwisho, na safari hii alifika juu akiwa bado na pumzi. Ilikuwa miaka mingi hajabakiwa na pumzi mahali pale. Waimbaji wa bendi nyingine hupatumia mahali kama pale kuwataja wapigaji wao, kila mtu apate sifa yake. Chiriku hakuwahi kuwataja hata mara moja. Mwito ulimmaliza, na kusema kweli, hakuwahi kufikiria kwamba kulikuwa na mtu wa kumtaja.

Akafungua kifua. Akamwita Nyundo. Akamwita mtu wa saksafoni, mwanafunzi wa bafuni. Akamwita Kimya. Mwisho akaita, "Mdogo wangu wee! Mtoto wa mama yangu!" na gitaa likajikwaa, likapotea kidogo, likarudi njiani wimbo ukiwa unaisha.

Fundi mitambo alisubiri mlio wa mwisho ufe ndipo akasema. "Mama, imetoka vizuri sana. Ila gitaa limekosea pale mwishoni. Turudie?"

Mdogo wake alikuwa ameinama juu ya gitaa, anajifuta uso kwa bega.

"Liache hivyohivyo," Chiriku alisema. "Miaka yote nimesikika mimi. Acha na yeye asikike."