Kwanza Macho, Kisha Shingo

Meshaki alikuwa na maradhi ya kuamrisha watu. Tangu mwalimu Modeste amfanye mkuu wa kundi katika klabu ya sinema ya shule, alizunguka kijiji kizima cha Kizuka ameunda mraba kwa vidole, akichungulia migomba na mbuzi kupitia humo, na mtu akimsalimu haitikii mpaka amalize kuchungulia. Ineza hakumpenda hata kidogo. Alikaa kwenye kundi lake kwa sababu moja tu: simu nzuri ya kupigia picha ilikuwa ya Meshaki, na aliyejua kuzikata picha na kuziunga alikuwa Ineza.

Kazi yao ilikuwa kionjo cha filamu ya kutisha, dakika mbili za kuwatamanisha watu waione filamu yenyewe. Filamu yenyewe haikuwepo wala hakuna aliyekusudia kuitengeneza. Mwalimu alitaka tu kuona kama wamezishika kanuni. Nyumba iwe peke yake. Sauti itangulie, picha ije baadaye. Kinachotisha kisioneshwe kizima, na mambo yakatwe kabla mtazamaji hajapata jibu.

"Na iwe na mutu mumoja ambaye watu hawamuelewi," alimalizia mwalimu. "Mara mingi ni muzee."

Kundi zima likamgeukia Ineza, maana yeye aliishi na bibi yake Speciosa katikati ya michikichi, kwenye nyumba ambayo jirani yake wa karibu alikuwa ng'ambo ya shamba.

Bibi alikubali kwa mbwembwe, akaenda hata kubadilisha kitenge. Walimpiga picha anakoroga pipa la mawese, mvuke umemfunika. Walimpiga picha anakata kichala cha chikichi kwa panga, lakini wakaonesha panga tu, chikichi wakaiacha nje ya picha. Damu waliitengeneza kwa mawese na nyanya ya kopo, wakaimwagia kandambili ya mtoto waliyoiokota njiani. Ineza mwenyewe aligonga mlango kwa ngumi mara tatu ili wapate sauti. Kisha ikabaki picha ya mwisho, ambayo Meshaki aliirudia mpaka Bibi akaanza kushika shingo.

"Bibi, usigeuke yote mara moja. Kwanza macho, kisha shingo. Ucheke na upande mumoja. Usifunge macho."

"Hata marehemu mume wangu hakunipangia hivi," Bibi alisema, "na yule alikuwa mtu wa kupanga."

Wote waliangua kicheko. Pontiani, jirani wa ng'ambo, alikuwa amesimama na jembe lake upande wa mpakani, akitazama tangu asubuhi kama mtu asiye na kazi. Hakucheka.

Pontiani na Bibi hawakuwa wanaivana. Bibi alikimbilia Tanzania akiwa msichana, akakaa huko nusu ya maisha yake, na aliporudi alimkuta Pontiani kwenye shamba la babake Bibi, amelima, ameoa, amezaa. Wakubwa waliligawa katikati na kupanda minyaa kuwa mpaka. Nusu ile ya shamba, pamoja na nyumba na pipa la mawese, ndiyo mali yote aliyokuwa nayo Bibi duniani. Pontiani aliitazama kila siku kama sahani aliyonyang'anywa kabla hajashiba.

Ineza aliuunga usiku na mchana ule mkanda, na tuseme ukweli, aliuunga vizuri. Mlango ukagongwa kwenye giza. Kandambili. Panga likashuka. Mvuke ukafunguka, Bibi akaonekana kwa mgongo, na muziki ulipokatika ghafla akageuza macho, kisha shingo, akatabasamu. Basi, giza tena. Darasani msichana mmoja alificha uso kwenye sketi yake, na mwalimu Modeste akapiga makofi.

Meshaki akautuma kwa binamu zake, nao wakautuma kwa wengine. Mtu fulani huko njiani alikata mwanzo wake, pale palipoandikwa jina la shule. Ulipofika kwenye simu za akina mama wa Kizuka, haukuwa tena kazi ya shule. Ulikuwa picha za siri za mwanamke fulani aliyerudi kutoka Tanzania, na nyumba yake kila mtu aliijua.

Wiki hiyo Bibi alishusha mawese yake sokoni Rumonge na kuyarudisha yote. Wateja wake wa siku zote walimpa kisogo. Mama mmoja alimvuta mtoto wake upande wa pili wa barabara, na Bibi, asiyejua kitu, alimuuliza Ineza kama ananuka. Ineza alimweleza akiwa ameinamisha kichwa. Bibi hakumgombeza. Aliomba kuonyeshwa, akautazama mkanda mara moja, akarudisha simu.

"Huyo si mimi," alisema.

Pontiani naye alikwisha kuona nafasi yake. Alikuja mpakani na watu watatu nyuma yake, ambao kanisani hukaa naye benchi moja.

"Mukecuru, wewe bibi muzee, kule Tanzania walikufundisha mambo mingi," alisema. "Hapa iko watoto. Tutamuomba shefu wa kolina, mukubwa wa kilima yetu, akutafutie fasi ingine ya kukaa. Ni juu ya usalama wako."

Damu ilimchemka Ineza. Alikwenda moja kwa moja kwa Meshaki, akamkuta anajitazama kwenye kioo cha pikipiki ya mtu.

"Andika kila mahali kwamba ni mchezo. Wanataka kumfukuza bibi yangu."

"Watu wanaogopa," Meshaki alisema. "Hiyo ndiyo note yetu, ndiyo alama zetu za klabu. Ukishasema ni mchezo, nani ataogopa tena?"

"Basi tutengeneze mwisho. Kwenye hadithi uliyotusimulia, ulisema bibi ndiye anamwokoa yule mtoto wa kandambili."

"Prof aliomba bande-annonce, kionjo tu, Ineza. Hakuomba mwisho."

Hapo ndipo Ineza alipomchukia kwa moyo wote, na alijichukia na yeye kidogo, kwa kuwa kukata kabla ya jibu ilikuwa kazi ya mkono wake.

Alirudi nyumbani akazifungua picha zote walizopiga, hata zile mbovu. Katika moja, nyuma kabisa ya bega la Bibi, Pontiani alikuwa ameinama na jembe lake. Ineza aliikuza. Jamaa alikuwa anang'oa minyaa. Aliing'oa, akaisogeza hatua mbili ndani ya shamba la Bibi, akafukia, akapigapiga udongo kwa mguu. Kumbe siku nzima watu walipodhani anawatazama, alikuwa anakula shamba.

Picha ile peke yake ilitosha. Angeipeleka kwa shefu wa kolina kama ilivyo, mchana kweupe, na Pontiani angekosa pa kuweka uso. Lakini Ineza hakutaka kwenda ofisini kukaa kwenye foleni. Alitaka Pontiani naye avukiwe barabara na akina mama, ajue ladha yake. Akakaa chini akaunga kionjo cha pili kwa kanuni zilezile. Aliitia picha giza. Minyaa akaikata isionekane, likabaki jembe, na udongo, na mgongo wa mwanamume anayefukia kitu huku akiangalia kulia na kushoto. Kisha ile kandambili. Kisha uso wa Pontiani ukigeuka. Giza.

Akautuma kwa watu walewale, akalala vizuri kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Jumapili, watu wametoka misa na jua liko utosini, Bibi alikuwa anachambua maharage ndani na Ineza anaosha vyombo. Mlango ukagongwa mara tatu, kwa ngumi. Sauti ilikuwa ileile Ineza aliyoirekodi.

"Mukecuru, nifungulie," sauti ya Pontiani ilisema, ndogo kama ya mtoto mgonjwa. "Wananiua."

"Usifungue," Ineza alisema. "Bibi, usimfungulie huyo."

"Amefanya nini?"

Ineza aligeukia vyombo vyake. Bibi alimtazama usoni, akaelewa, na sura yake ikawa ngumu kuliko siku ile ya soko. Aliinuka akafungua. Pontiani aliingia kwa magoti, shati limechanika, sikio linatoka damu ya kweli, akajisukumiza nyuma ya magunia.

Vijana walifika mara, kundi la kama kumi, na mawe na fimbo, wengine bado wamevaa nguo za misa. Meshaki hakuwemo. Alikuwa nyuma yao barabarani, simu juu, anapiga picha.

"Amahoro, mukecuru," alisalimia wa mbele, sauti imejaa hasira. "Tunatafuta Pontiani. Atuoneshe fasi alizika mutoto."

"Hakuna mtoto aliyezikwa," Bibi alisema. "Rudini makwenu."

"Pita pembeni, mama. Tunajua iko ndani."

Jiwe la kwanza likagonga ukuta. Ineza alifungua kinywa apige kelele kwamba ni yeye, kwamba ni jembe na minyaa tu, lakini jiwe la pili likamrudisha nyuma ya mlango. Bibi akawapa mgongo. Alisimama hivyo mlangoni, ametulia, mpaka wakaanza kusitasita. Kisha akageuka. Kwanza macho, kisha shingo. Alitabasamu kwa upande mmoja na hakupepesa.

Kijana wa mbele aliachia jiwe likaangukia mguu wake mwenyewe. Hakuna aliyesema tukimbie, walikimbia tu, wakagongana, wakaacha viatu vya misa kwenye tope la mferejini. Meshaki alikuwa wa kwanza kupotea, yeye aliyemfundisha.

Bibi alirudi ndani akishika shingo. Alichota maji mtungini kwa kikombe cha bati, akamnyooshea Pontiani.

"Kunywa. Umekimbia sana."

Pontiani alikitazama kikombe. Alikuwepo siku ile, alisimama pale mpakani tangu asubuhi. Aliiona nyanya ya kopo ikifunguliwa, alimwona Bibi akicheka mpaka akafuta machozi. Hapakuwa na mtu Kizuka nzima aliyejua vizuri kuliko yeye kwamba ulikuwa mchezo. Mkono wake haukwenda.

"Minyaa nitairudisha leo," alisema. "Leo leo, mama. Usinifanyie kitu." Akatoka kinyumenyume, mgongo wake ukifuata ukuta, macho hayatoki kwa Bibi hata mara moja.

Bibi alibaki na kikombe mkononi.

"Nitawaandikia wote," Ineza alisema, machozi yakimtoka. "Nitasema ni mchezo, vyote viwili. Nitasema ni mimi."

"Halafu warudi kesho na mapanga, mimi niwageuzie nini?" Bibi aliuliza. "Shamba limebaki. Mawese tutakunywa wenyewe."

Ineza akafuta machozi. Bibi akamnyooshea yeye kile kikombe.

"Kunywa wewe, basi."

Ineza akakipokea kwa mikono miwili na kunywa, na Bibi akasimama anamtazama koo mpaka alipoona amemeza.