Mstari wa Nane

Wanafunzi wa filamu wa Bukavu wana ugonjwa mmoja. Ukiwauliza filamu hii unamtengenezea nani, watakujibu: watu wote. Watu wote! Kama vile bibi wa Walungu anayepalilia mihogo na mkurugenzi wa benki wa Ibanda wanakaa benchi moja na kucheka mahali pamoja. Adélaïde, mwalimu wao, alikuwa amepigana na jibu hilo kwa miaka tisa, kalamu nyekundu mkononi, na kila mwaka lilirudi vile vile. Kwa hiyo Alhamisi ile, alipofungua fomu ya tathmini ya Delphin na kukuta kwamba penye “walengwa” hakukuandikwa “watu wote”, alikaribia kupiga makofi.

Delphin alikuwa ameandika: “Wenye vitu.”

Huyu Delphin alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mrefu, mpole, mtu wa kuomba ruhusa hata ya kupiga chafya. Filamu yake ilikuwa ya dakika kumi na nne. Alizunguka nyumba saba za mji, nyumba zilizofiwa, na katika kila moja akapiga picha ya kitu kimoja ambacho marehemu alikiacha nusu. Sweta ya mkono mmoja, sindano bado ndani. Ukuta wa matofali uliofika kiunoni. Barua iliyoanza “Kaka mpendwa” ikaishia hapo. Hakuna mtu anayeonekana, hakuna anayesema. Ni vitu tu, na muda unapita juu yao.

Mwanzoni mwa mwaka alikuwa amemuuliza Adélaïde, kwa adabu zake zote, kama angeweza kupiga picha kwake pia. Adélaïde aliwaka. Alimwambia kwamba kwake hakuna marehemu, kwake kuna mtu anayengojewa, na ashike njia yake. Delphin aliomba msamaha mara tatu, na habari ile haikurudiwa.

Ukweli ni kwamba mji mzima ulijua. Gérard, mume wa Adélaïde, alitoka asubuhi moja ya Februari mwaka jana, mji ulipovurugika, akisema anaenda Kavumu kumchukua dada yake. Dada alifika mwenyewe jioni kwa miguu. Gérard hakufika. Adélaïde alimtafuta hospitalini, parokiani, katika kila ofisi yenye meza, na hakuna aliyempa mtu wala maiti. Mama mkwe wake, Maman Chantal, alingoja mwaka mzima, kisha akaanza kusema waziwazi kwamba wakati umefika wa kukaa kilio. Alisema mwanawe anazunguka nje kwa sababu mkewe amekataa kumlilia. Adélaïde alijibu kwamba kumlilia mtu ambaye hujaona mwili wake ni kumchimbia kaburi akiwa njiani kurudi. Alikuwa anaamini hivyo kabisa. Aliamini kwamba siku atakapotamka neno lile, ndiyo siku Gérard atakapokufa, na kwamba yeye ndiye atakuwa amemuua. Basi akawa anafundisha, anapika, anasali, na mdomo ameufunga.

Turudi kwenye fomu. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya ufundi, na hapo Adélaïde hakuwa na la kulalamika. Picha zilikuwa safi, mwanga umetulia, kazi imekamilika kwa asilimia tisini. Alivaa visikizio ili akague sauti. Watu wa sauti wana desturi yao: ukimaliza kupiga picha chumbani, unatoa watu wote na kuacha kinasa sauti kinase kimya cha chumba kwa dakika moja, maana kimya cha kila nyumba kina sauti yake, na utakihitaji kuziba mashimo unapounganisha. Delphin alikuwa amenasa dakika saba za kimya, moja kwa kila nyumba.

Katika nyumba ya kwanza Adélaïde alisikia bati likilia kwa jua, na chini yake, pumzi. Mtu alikuwa anapumua kwa pua, polepole, bila wasiwasi. Akaandika pembeni: “Toka chumbani unaponasa.” Katika nyumba ya pili, ile ya mtaa wa Panzi, pumzi ilikuwepo tena. Ya tatu vile vile. Kufika ya saba hakuwa anaandika tena. Hazikuwa pumzi za mtu mmoja. Moja ilikuwa nzito, ya mzee mwenye kifua; moja nyepesi, ya mwanamke. Na zote zilikuwa za watu waliotulia, kama watu waliowahi semina wakakuta haijaanza.

Alivua visikizio, akamwita Delphin, akamuuliza alisimama wapi wakati wa kunasa. Delphin akasema alikuwa nje, kila mara nje, na mlango umefungwa. Alijibu akiangalia sakafu. Adélaïde alitaka kuuliza zaidi, akaona heri aende sehemu ya pili. Ndivyo tulivyo, tukiogopa kitu, tunageuza ukurasa.

Sehemu ya pili ilidai ushahidi kwamba filamu imejaribiwa mbele ya walengwa wake. Na ushahidi, katika mji wetu, ni kitu kimoja tu: orodha ya waliohudhuria. Bukavu bila orodha hiyo hakuna kilichofanyika. Semina, mkutano wa wazazi, mafunzo ya kufuga sungura, hata maombi siku hizi, lazima karatasi izunguke: jina, avenue unayokaa, telefone, saini. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Sisi tunasema asiyesaini hakuwepo. Delphin alikuwa amelelewa katika desturi hiyo kama sisi sote. Jumanne alipanga viti katika chumba cha kuonyeshea filamu cha shule, akaweka karatasi na kalamu juu ya kiti cha kwanza, akawasha projekta, kisha akatoka kusimama nje ya mlango. Hakualika mtu. Angemwalika nani? Wenye vitu wote wamezikwa. Alisema aliweka karatasi kwa mazoea tu, mkono ulijiendea. Filamu ilipoisha aliingia na kukuta karatasi iko kwenye kiti cha mwisho.

Alimpa Adélaïde karatasi hiyo kwa mikono miwili.

Saba walikuwa wameandika na kusaini. Mfumaji wa sweta aliandika kwa herufi ndogo zilizobanana. Mjenzi wa ukuta alisaini kwa dole gumba, na alama ilikuwa na vumbi jekundu. Nyumba saba, watu saba. Lakini mistari iliyojazwa ilikuwa minane. Mstari wa nane ulisema CIRHUZA Gérard, avenue yao, namba ya telefone, na nafasi ya saini ilikuwa wazi.

Adélaïde alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Hasira ilimpanda mpaka masikioni. Alimwambia Delphin kwamba amewafundisha kutengeneza uongo wa picha, siyo uongo wa kucheza na jeraha la mtu, na kwamba kesho asikanyage shule. Delphin machozi yalimlengalenga, lakini hakurudi nyuma.

“Madame, mi sikuandika,” akasema. “Naapa kwa maman yangu. Niliikuta vile. Nilitaka nikate ile mustari ya mwisho nisikuumize. Niliogopa kukata mutu.”

Adélaïde alitazama tena karatasi, akitafuta mahali pa kumshikia. Ndipo alipoisoma ile namba ya telefone. Haikuwa ya Gérard. Ilikuwa ya Adélaïde mwenyewe, namba ya zamani, ile ya laini iliyopotea sokoni miaka mitano nyuma, kabla Delphin hajajua hata shule iko wapi. Gérard alikuwa mtu wa semina, mhamasishaji wa wakulima kule Walungu, na kwa kuwa simu yake ilikuwa haina moto, yaani haina chaji, kila siku, popote alipoandika jina lake aliweka namba ya mkewe. Namba mpya haikumkaa kichwani kamwe. Mpaka wiki aliyotoka bado aliandika ya zamani, na Adélaïde bado alimgombeza kwa hilo.

Aliokota kiti, akakaa.

Mwalimu mwingine angechana karatasi na kwenda kwa padri. Adélaïde alikuwa mbishi toka tumboni mwa mama yake. Alimwambia Delphin kwamba jaribio lisilo na msimamizi halihesabiwi, na kwamba filamu itaonyeshwa tena, sasa hivi, yeye akiwemo ndani. Ilikuwa saa tisa ya mchana. Mvua ilikuwa imeanza kushuka kutoka upande wa ziwa, na wanafunzi wengine walikuwa chini kwenye baraza wakingoja ipungue. Delphin aliziba madirisha kwa makaratasi, akapanga viti tisa katika mstari mmoja, akaweka karatasi mpya na kalamu juu ya kiti cha kwanza. Adélaïde akakaa kiti cha mwisho kabisa, upande wa ukuta. Alimtuma Delphin akasimame nje ya mlango kama Jumanne.

Filamu ikaanza. Sweta ikaja, mkono wake mmoja ukining'inia. Kiti cha kwanza kililia.

Si bati, si mvua. Adélaïde anajua mti unavyolia mtu anapoukalia. Cha pili kikalia, kisha cha tatu, bila haraka, na kila kitu kipya kilipotokea kwenye ukuta mweupe, kiti kimoja zaidi kilimpokea mwenye kitu hicho. Halafu akasikia karatasi. Mlio mdogo ule wa karatasi inayopokelewa, kalamu inayokwaruza, karatasi inayosogezwa kwa jirani. Alikuwa ameusikia katika mikutano elfu moja ya maisha yake na haukuwahi kumtia hofu. Sasa jasho lilimtoka mgongoni, na miguu ilikuwa ya baridi kama amesimama mtoni. Alitazama mbele tu. Alijiambia kwamba akigeuza kichwa ataona viti vitupu, na kwamba akiona viti vitupu hataweza kuvumilia. Na kwamba akiona kitu kingine hataweza kuvumilia hicho pia.

Picha ya saba iliisha. Ukuta ukabaki mweupe, na kiti cha kando yake kikalia.

Hakusikia harufu, hakusikia baridi, hayo ya wasimulizi wa uchawi. Alisikia pumzi kwa pua, na alizijua. Alikuwa amelala kando ya pumzi hizo kwa miaka kumi na sita. Na nitasema kama ilivyokuwa: hofu ilimtoka yote kwa pamoja, ikabaki hamu. Alimtamani mume wake kiasi kwamba mikono ilimuuma.

“Ni wewe?” akauliza.

Kalamu iliandika kidogo, ikanyamaza. Kisha karatasi ikasogezwa juu ya paja lake la kushoto, na kalamu juu ya karatasi.

Alitazama chini. Mistari saba, saini saba. Mstari wa nane: CIRHUZA Gérard, avenue, namba ile ya zamani. Nafasi ya saini wazi. Na hapo Adélaïde akaelewa kwa nini Jumanne pia ilikuwa wazi. Gérard hakusaini orodha hata siku moja akiwa na mkewe. Parokiani, kwenye mkutano wa wazazi, kwenye kikao cha avenue, aliandika jina, akamsukumia karatasi, akanong'ona “unisainie”, na akaendelea kumsikiliza anayesema. Watu waliwacheka. Jumanne hakuwa na jirani wa kumsukumia.

Angeweza kuirudisha. Kwa muda mrefu alishika kalamu bila kuandika, na alifikiri kwamba kama hatasaini, basi Gérard hakuwepo, na kama hakuwepo kati ya hawa, bado yuko barabarani, bado yuko mahali fulani na simu isiyo na moto. Lakini pumzi kando yake zilikuwa zinangoja. Hazikumlazimisha. Zilikuwa pumzi za mtu aliyechoka kusimama mlangoni kwa watu, anayeomba tu ahesabiwe.

Adélaïde akamsainia.

Viti vikalia, kimoja baada ya kingine, kama watu wanavyoinuka.

Fomu ya Delphin ilijazwa wiki mbili baadaye. Ufundi, kumi na sita juu ya ishirini. Penye sauti aliandikiwa kwamba kimya kisiguswe. Penye walengwa, Adélaïde aliandika neno moja: wamefika. Hakuna aliyemuuliza.

Lakini mchana ule, kwanza, alipiga yowe. Lilipasua mvua na kushuka ngazi mpaka kwenye baraza. Delphin alikuwa wa kwanza kuingia, akasimama pale pale mlangoni. Wanawake waliokuwa wamejikinga chini walipanda mbio: muuza ndizi, mwandishi wa ofisi, maman mmoja mpita njia ambaye hakuna aliyemjua. Walimkuta Adélaïde amekaa sakafuni, kitambaa kimetoka kichwani. Kwetu yowe la namna ile halihitaji maelezo. Walivua viatu, wakakaa naye chini, mmoja akamkumbatia kichwa, wakaanza kulia naye kabla ya kujua wanamlilia nani.

Ni yule mpita njia aliyeuliza, taratibu, mdomo karibu na sikio lake.

“Nani amekufa, maman?”

“Bwana yangu,” Adélaïde akasema. “Gérard. Alikufa tangu mwaka jana.”