Fundo la Lori Kitandani

Nilisema hakuna fundo. Nilisema mpaka mdomo ukaniuma, kwa sababu mume wangu ni mpakiaji wa malori, wenzake humwita Winchi, na mtu wa namna hiyo akishika kamba hawezi kuiacha salama.

Wazo lilikuwa lake. Alilitoa kwa haya, macho yakiwa darini: angependa siku moja nimfunge mikono kitandani. Nikamwambia sawa, hata mimi nimeshawahi kuliwaza. Tatizo likawa kitanda. Ni kitanda cha kawaida tu, kichwa chake ubao mtupu usio na pa kupitishia hata uzi. Na chumba cha pili analala mama yake, ambaye mchana huingia kwetu bila hodi kwa kuwa, anasema, aliyemo ndani alimzaa yeye.

Mimi hushona mabegi. Nikachukua utepe mnene, ule wa kuvalia begi mabegani, nikaupitisha chini ya godoro kutoka ubavu hadi ubavu. Kila ncha nikaitia bangili ya kitambaa laini yenye sponji ndani, na kifungo cha plastiki kinachoachia ukikibana kwa vidole viwili. Velkro, ile ya kunata, niliikataa; ukiibandua usiku, nyumba nzima itadhani mnachana mashuka. Mkimaliza, mnasukumia ncha chini ya godoro, mnatandika, na anayeingia haoni kitu. Masharti nikayaweka mimi. Bangili isibane. Mtu akisema basi, ni basi. Na aliyefungwa haachwi peke yake hata kwa kwenda kunywa maji.

Kazi safi. Sijawahi kushona begi nikaliangalia kwa raha kiasi kile.

Jana alasiri nilirudi kutoka karakana nikakuta mlango wa chumba chetu uko wazi. Winchi alikuwa amelala chali na viatu vyake vya kazi, mkono mmoja umevutwa hadi ukingoni mwa kitanda. Mama mkwe ameketi pembeni yake kama aliyekuja kumwona mgonjwa.

"Umefika," alisema. "Njoo umfungue mbuzi wako."

Nikainama. Bangili yangu ya upande ule ilikuwa imeng'olewa. Mahali pake palikuwa na kamba ya lori, yenye kitanzi kile wanachoshikia mizigo, ambacho kila ukikivuta kinazidi kukaza.

"Nilikuwa najaribu tu," Winchi alisema. "Kile kifungo chako cha plastiki nilikitilia shaka. Mimi nafunga mizigo ya lori zima, haijawahi kudondoka hata siku moja."

"Wewe ni gunia?"

"Nimevuta, kikakaza. Mama naye akaja akavuta."

"Nimevuta kweli," mama mkwe alisema. "Nikataka kuleta kisu, akanikatalia. Eti kamba ni nzuri, itaharibika."

Vidole vya Winchi vilikuwa vimeanza kuvimba. Nikatoa mkasi, nikaupenyeza taratibu, nikakata. Aliitazama ile kamba kwa huzuni ambayo hajawahi kunionyesha mimi nikiwa na homa.

"Sasa," mama mkwe alisema, "mwanangu ameniambia. Umemfunga, ukajiendea zako kazini. Huo ni ukatili. Utaniomba radhi, la sivyo nawaita wifi zako tukae kikao, na huu mlango kuanzia leo haufungwi kwa ufunguo."

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anajisugua mkono kwa bidii kubwa.

"Umemwambia hivyo?"

"Niliona aibu."

Aibu. Kwa hiyo akaona afadhali mimi niwe katili. Kuitwa mtundu ningekubali, tena kwa kicheko. Lakini nionekane mtu wa kumfunga mwenzangu na kumtelekeza, mimi niliyehangaika na sponji?

"Sema," nikamwambia.

Akainama kuokota kipande cha kamba.

"Sema, Winchi, au nimsimulie mama wazo lilikuwa la nani, na ulivyoliomba."

Akakaa kitako. "Mama, nimejifunga mwenyewe. Yeye hakuwepo. Kamba alinikataza. Na haya mambo nilimwomba mimi."

Mama mkwe akalainisha shuka alilolikalia, akalilainisha tena.

"Na ile mikanda iliyo chini ya godoro, nani kaishona?"

"Mimi, mama."

"Kwa ajili ya hayo hayo?"

"Kwa ajili ya hayo hayo."

"Basi hapo angalau uniombe radhi. Mimi ni mkweo. Leo nimeona nisiyostahili kuona."

"Umeyaona chumbani kwangu, mama. Heshima yako iko palepale, na chakula chako nakwenda kukupikia sasa hivi. Ila radhi siombi."

"Huombi?"

"Siombi. Na hao wifi waite tu, maana hata mbele yao siombi."