Gari Jekundu la Kedowa

Mume wangu Kimeli alikuwa karani wa kununua majani chai. Mkulima akileta gunia lake kituoni, Kimeli hakuangalia juu. Alizamisha mkono mpaka chini kabisa, akatoa konzi moja, akalitandaza mezani. "Juu kila mtu hupanga vizuri," alikuwa akisema.

Kwa hivyo sikumwelewa Jumamosi ile ya mwaka wa tisini na sita. Tulipofika Kedowa kwa rafiki yake Kipkemoi, alisimama mbali na gari tulilokuja kuona, mikono mfukoni, akitabasamu.

Gari lilikuwa zuri, sitadanganya. Dogo, jekundu, halina paa, magurudumu yana spoku kama ya baiskeli. Kipkemoi alisema lilitengenezwa Uingereza mwaka wa hamsini na mbili, likaletwa na meneja mmoja mzungu wa shamba la chai, ambaye alimwachia baba yake Kipkemoi alipoondoka. Kimeli alitaka kulikodisha kwa maharusi, kuanzia Londiani mpaka Bomet. Kama malipo, Kipkemoi alitaka Lelgut.

Lelgut alikuwa ng'ombe wetu mwenye mdomo mweupe, na ndiye peke yake tuliyekuwa tukimkama. Mtoto wetu Dorcus alikuwa na miezi minane. Mimi niliugua baada ya kujifungua, maziwa yangu yakakauka, na mtoto akakua kwa maziwa ya Lelgut.

Njiani nilikuwa nimemuuliza Kimeli, "Hiyo gari umeikagua?"

"Baba yake Kipkemoi alikuwa na kimanagan ya baba yangu."

Kwetu hilo lilitosha. Kimanagan ni ng'ombe wa kutunziwa: baba mkwe alimpa mzee yule ng'ombe wake amtunzie. Mzee akanywa maziwa, na siku ya kurudisha ikafika, akarudisha ng'ombe na ndama wote. Familia za namna hiyo hazikaguani. Ni kama kumtukana marehemu. Lakini mimi sikwenda Kedowa kununua marehemu.

"Karibu, shemeji," Kipkemoi alisema. "Gusa tu, haiumi."

Niligonga mlango kwa kidole. Ukalia kama beseni la plastiki.

"Ni chuma ya zamani hiyo. Nyepesi."

"Na haina kutu hata kidogo?"

"Mzee alikuwa anaipaka mafuta."

"Miaka arobaini na nne, na mvua ya huku?"

"Shemeji, kule ngumbaru wanawafundisha kusoma ama upolisi?"

Kimeli akacheka. Nikacheka pia. Ni kweli nilisoma masomo ya jioni ya watu wazima, na sikuona haya. Nikamwomba Kipkemoi afungue boneti.

"Ufunguo wa boneti uko kwa fundi, Nakuru. Lakini injini ni nzima. Sikia."

Akawasha gari. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya gari, Dorcus mgongoni, na joto likanipiga miguuni. Nikaweka kiganja pale nyuma: panatetemeka. Nikaenda mbele, nikaweka kiganja kwenye boneti: pametulia kama meza.

"Injini iko wapi?"

"Mbele, kama gari zingine."

Nikachuchumaa, nikapitisha mkono chini ya madigadi. Kwa juu palikuwa laini kama kikombe. Kwa chini palikwaruza kama gunia lililokaukia gundi, na vinyuzi vikanichoma vidole.

"Baba Dorcus, weka mkono hapa."

"Mama Dorcus, wacha."

"Chini. Weka."

Alimtazama Kipkemoi kama anayeomba radhi, kisha akachuchumaa. Macho yake yalikwenda mbali huku vidole vikipapasa. Alipotoa mkono hakutabasamu tena.

"Hii ni faiba, si chuma," alisema.

Kipkemoi akazima injini. "Sasa maharusi wataweka mkono chini?"

Hilo ndilo swali nililoliogopa, maana nilimwona Kimeli akilifikiria.

"Ilitengenezwa wapi?" akauliza polepole.

"Bodi ni ya fundi. Chini ni Volkswagen, injini nyuma. Lakini imefanana, ama haijafanana?"

"Imefanana."

Akalizunguka gari lote. Mimi nilishika miguu ya Dorcus. Hatimaye akasema, "Basi nitakupa yule fahali mdogo. Lelgut, hapana. Na tuandike kwamba bodi ni ya kuiga na injini ni ya Volkswagen."

Nilikuwa na daftari kwenye mfuko wa mtoto. Nikaandika hayo, nikampa Kipkemoi kalamu. Alisoma, akasoma tena.

"Sisi tulianza kuandikiana lini? Mzee wako alimwandikisha mzee wangu?"

"Mzee wako alipewa ng'ombe, akarudisha ng'ombe," Kimeli alisema. "Wewe unanipa nini?"

Kipkemoi alirudisha daftari bila kuweka sahihi. "Kuna mtu wa Kericho anakuja kesho. Huyo hatembei na bibi."

Kimeli alianza kuondoka, nami nikamfuata. Tulipofika barabarani aligeuka mara moja kutazama kule nyuma, na sikujua kama alikuwa akiaga gari au rafiki. Kisha akanyoosha mikono, akamtoa Dorcus mgongoni mwangu, mchana kweupe mbele ya watu. Mtoto akaanza kunyonya ukosi wa shati lake.

"Ana njaa huyu," akasema.

"Maziwa yapo nyumbani."

Akaongeza hatua, hata ikabidi nikimbie kidogo ili nimfikie.