Maneno Mekundu

Kazini walimwita Mama Nukta, kwa sababu hakuna barua iliyopita mezani kwake ikatoka imekosa nukta. Alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya elimu kwa miaka kumi na tisa, na wakubwa wenye vyeo vyao walimletea kazi wakiwa wapole kama wanafunzi wanaopeleka daftari kusahihishwa.

Dada yake mkubwa alikuwa mkunga, na kompyuta ilimpiga chenga mpaka mwisho. Akitaka maneno yakae katikati ya mstari, alibonyeza kitufe cha nafasi mara thelathini.

"Tumia mitindo, dada," Mama Nukta alimwambia kila siku. "Ukishaiambia hiki ni kichwa cha sura, yaliyobaki itapanga yenyewe."

"Mimi nimezalisha watoto elfu mbili bila mitindo, mdogo wangu. Na vichwa vyao vyote viko mahali pake."

Dada aliugua miezi mitano, akafa. Aliacha kitabu cha kufundishia wakunga, sura kumi na moja, na chuo alichokuwa akifundisha kikaahidi kukichapa. Wiki tatu baada ya mazishi shemeji yake, mume wa marehemu, alimletea flashi imefungwa kwenye kitambaa.

"Alisema kazi hii uifanye wewe," alisema. "Kompyuta yake nimempa binti yetu, naye ameshafuta vyote vilivyokuwemo. Kilichobaki ni hiki, shemeji."

Jumamosi Mama Nukta alikwenda ofisini peke yake. Alipofungua faili, kicheko na kilio vilimjia pamoja. Aina tano za herufi. Vichwa vingine vimekolezwa, vingine vimepigiwa mstari. Na huku na huku maneno mekundu, yaliyojaa kama upele katika sura ya nane, sura ya dawa. Dada yake alipenda rangi tangu utoto. Mama Nukta akachagua maandishi yote, akayaondolea mapambo kwa mbonyezo mmoja. Kurasa zikawa nyeusi, sawasawa. Kisha akaivaa kazi: mtindo mmoja wa vichwa vya sura, mmoja wa vichwa vidogo, mmoja wa aya. Orodha ya yaliyomo ikajipanga. Akahifadhi kwa jina lile lile, juu ya faili lile lile, akaenda nyumbani. Siku hiyo alikula akashiba, mara ya kwanza tangu mazishi.

Jumatatu alikipeleka chuoni. Mkuu wa mafunzo, rafiki wa marehemu, alipekua akiridhika mpaka sura ya nane. Hapo akarudi nyuma, akaenda mbele, akarudi tena.

"Yale mekundu yako wapi?"

"Mekundu yapi?"

"Vipimo vya dawa. Vingine aliviandika kwa kumbukumbu, akiwa kitandani. Asivyokuwa na uhakika navyo alivitia wekundu, ili tuvihakiki."

Mama Nukta alieleza alichofanya, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuisikia vizuri.

"Nakala nyingine ipo?"

"Haipo."

Mkuu wa mafunzo alivua miwani, akaiweka juu ya karatasi. Hakumlaumu, na afadhali angemlaumu.

Walitafuta daktari wa kuipitia sura nzima. Wa kwanza alikaa nayo miezi miwili, akahama nayo kituo. Wa pili alisema wazi kwamba nusu ya mambo yale hayamo vitabuni, mkunga aliyaona wodini kwa macho yake, na yeye hawezi kuweka sahihi yake juu ya asichokijua. Kipimo kimoja kibaya ni uhai wa mama na mtoto wake. Chuo kikakata kauli: sura ya nane iondolewe.

Mama Nukta alipiga moyo konde, akaenda kwa shemeji yake kumwambia yote. Shemeji alisikiliza hadi mwisho, mikono magotini.

"Mkono wake ulikuwa umeshakufa," alisema. "Sura ile aliisema, mimi nikaichapa. Kila penye wekundu aliniambia, hapa weka."

Mama Nukta alisogea ukingoni mwa kiti. "Unapakumbuka?"

"Nilikuwa nabonyeza tu, shemeji. Nilikuwa namtazama yeye."

Alhamisi Mama Nukta alifungua faili, akachagua sura ya nane kutoka kichwa hadi mstari wa mwisho, akaifuta. Papo hapo sura ya tisa ikawa ya nane, ya kumi ikawa ya tisa. Alipoiambia orodha ya yaliyomo ijisahihishe, ikajisahihisha. Hapakuwa na pengo.

Kitabu kilitoka kabla ya mwaka kwisha. Wanafunzi walikisifu kwa unadhifu, na ofisini walimpongeza kwa kumheshimisha dada yake. Yeye aliitikia kwa kichwa.

Nakala ya kwanza alimpelekea shemeji. Mzee alikifungua kitabu polepole, akatafuta sura ya nane, akasoma mistari michache juu ya kunyonyesha, akakifunga.

"Wamekipanga vizuri," alisema, akainuka kwenda kumtafutia maji ya kunywa.