Kiota cha Nyigu Chenye Bitana

Mimi ni fundi cherehani, na mdomo wangu unakata kuliko mkasi. Mteja akinisema namjibu, nikimjibu haonekani tena. Kwa hiyo siku mama wa bibi harusi aliposema atapita kwangu kabla ya kwenda kwa fundi wa njia panda, bwana wangu alinishika mikono yote miwili.

"Magauni ya harusi nzima, mke wangu! Kazi kama hii hatutaipata tena. Siku hiyo moja tu, nakuomba, funga mdomo."

Nikamwambia tatizo si mdomo, tatizo ni nyigu. Kila mwaka wanajenga juu ya baraza, palepale mteja anaposimama kupimwa. Nawajua hao. Kwanza utamwona mmoja anakwangua mbao ya mlango. Ukimpuuza, utakuta chini ya bati kijikombe cha kijivu kimeinama. Hapo ndipo pa kukitoa, kikiwa bado kidogo. Lakini bwana wangu akikiona husema "kesho", na kesho zake zikishapita kinakuwa kama tikiti, tunaingia ndani kwa dirisha.

Safari hii wifi yangu akanipa dawa: nyigu hawajengi karibu na kiota cha wenzao. "Jaza karatasi kwenye mfuko, tundika, basi."

Mfuko? Mimi? Thubutu! Nilikata kitambaa cha kijivu, nikatia marinda safu kwa safu na bitana laini ndani, tundu la chini nikalipinda kwa mkono. Nilipokitundika nilifurahi mpaka machozi yakanilenga.

Mama wa bibi harusi akafika, akakiona, akarudi kinyumenyume hadi barabarani.

"Unataka kunipima au kuniua?"

"Ni kitambaa, mama! Nimekishona mwenyewe."

"Usinifanye mtoto. Mbona sioni mshono?"

"Huoni kwa sababu nimeuficha! Kama macho yako hayajui nguo..."

Bwana wangu akakohoa. Nikaona bora nioneshe kwa vitendo: nikapanda kiti, nikakikumbatia, nikakipiga busu palepale kwenye tundu.

Kumbe nyigu wenyewe walishahamia. Mmoja alinichoma mdomo wa juu, mwenzake wa chini. Nilimwangukia bwana wangu, tukakimbilia dirishani, na mama wa bibi harusi akatutangulia kuingia, mkoba kwapani.

Ndani, alichungulia kile kiota kwa muda mrefu, nyigu wakiingia na kutoka.

"Kweli ni kitambaa," akasema. "Na hawajabadilisha hata rinda moja! Binti yangu ameshakataa mafundi watatu."

Kisha akaanza: mikono iwe mipana, hapana, myembamba. Mapazia yangu yamepinda. Blauzi niliyovaa, nani kaiharibu? Majibu nilikuwa nayo yote, matamu! Yalifika kwenye midomo iliyovimba kama mito ya kochi, yakakwama hapo. Nikabaki kuitikia kwa kichwa, roho inaniuma.

"Fundi msikivu namna hii!" akasema, akaacha vitambaa vyote mezani, akatoka kwa dirisha.

Nilimwonesha bwana wangu kile kiota kwa kidole: kitoe, sasa hivi. Akakitazama kwa mapenzi ambayo mimi sijawahi kuyaona tangu anioe.

"Kesho kutwa," akasema. "Kesho bibi harusi mwenyewe anakuja kupimwa."